Hadithi Tuliyompelekea Wakili

Usiku ule tulifanya mazoezi kama kwaya inayosubiri Krismasi. Tulikuwa watu sita sebuleni kwa dada yangu, kijijini upande wa Kamachumu, taa ya sola imeanza kufifia, na kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya kusema. Dada angesema mwanawe alirudi nyumbani jioni mapema, akala, akalala. Jirani angesema aliona mwanga dirishani kwa kijana. Mimi ningesema nilimpigia dada simu saa mbili usiku nikamsikia kijana akikohoa chumba cha pili. Na kijana mwenyewe, mpwa wangu, wakati huo akiwa na miaka 24, alipewa neno moja tu: sikuwepo. Alipokosea tulimrudisha mwanzo. Nimefundisha shule ya msingi miaka 31. Kukaririsha watu ni kazi niliyoijua.

Asubuhi yake tulikuwa na miadi na wakili mjini Bukoba.

Ilikuwa Novemba 2022. Naukumbuka mwezi huo kwa sababu tarehe 6 ndege ilianguka ziwani pale pale Bukoba, watu 19 wakafa, na kwa wiki kadhaa hapakuwa na mazungumzo ambayo hayakuanzia huko. Sisi tulikuwa na letu. Jumamosi moja jioni mpwa wangu alipigana na baba yake mdogo mpakani mwa kibanja. Mzee alikatwa panga begani akalazwa. Jumatano polisi walikuja. Ijumaa kijana alisomewa shtaka la kujeruhi katika Mahakama ya Wilaya ya Muleba, akapata dhamana. Jumapili usiku ndiyo hiyo ya kwaya.

Kwa asiyetoka kwetu niseme kidogo. Kibanja ni zaidi ya shamba. Ni migomba na mibuni iliyoizunguka nyumba, na makaburi ya wazee yamo humo humo. Mipaka yake haina ukuta wala waya. Ina mti mwembamba wenye majani marefu, tunauita omulamula. Ukiukata unachipua tena, na ndiyo maana ukapewa kazi hiyo. Wazee hulihusisha jina lake na neno la kuamua ugomvi. Baba wa kijana alipofariki, omulamula mmoja ulihama usiku, hatua tatu kuelekea upande wa mjane. Hapo hakimu akawa ameondolewa uwanjani, na waliobaki walikuwa na mapanga ya kupogolea migomba.

Ardhi ya ukoo imetupeleka mahakamani tangu zamani, na mara moja imetuingiza hata katika vitabu vya sheria. Mwaka 1988, katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha, huko huko Muleba, Holaria Pastory alishtakiwa na jamaa wa ukoo wake kwa kuuza ardhi aliyoachiwa na baba yake kwa wosia, kwa kuwa mila yetu ilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo, si kuiuza. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inapingana na Katiba. Hiyo ilikuwa kesi ya madai. Lakini kesi nyingi za jinai ninazozijua wilayani kwetu ni kesi za madai zilizoshika panga.

Tukapanda Coaster alfajiri. Tulibeba mkungu wa ndizi, ndoo ndogo ya senene kwa kuwa msimu ulikuwa umefika, na bahasha ya kaki ambayo dada hakuiachia mkononi hata tulipopita Kemondo na ziwa likaonekana lote. Ndani ya bahasha kulikuwa na cheti cha ubatizo cha kijana, cheti chake cha kidato cha nne, na barua kutoka parokiani ikisema ni mwimbaji wa sauti ya nne. Tuliona tumejiandaa.

Wakili alikuwa binti wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Aliinuka, akanipa shikamoo, akampokea dada kwa mikono miwili na kumsalimia kwa Kihaya, na dada akalainika papo hapo. Tukadhani kazi imekwisha. Senene wakapokelewa. Kisha akaketi, akafungua daftari, akauliza swali ambalo hatukulifanyia mazoezi.

"Alikamatwa saa ngapi?"

Dada akasema walipokuja alikuwa akimenya ndizi za mchana. Jirani akasema hapana, kengele ya saa sita ya kanisani ilikuwa bado haijalia. Kijana hakuwa na saa, na simu walishaichukua. Wakili akauliza tena: walifika naye kituoni saa ngapi? Maelezo yake yaliandikwa saa ngapi? Nani alikuwepo? Alisaini? Alisomewa kabla ya kusaini? Kila swali lilikuwa na kimya chake. Akatueleza kwa upole kwamba sheria inawapa polisi saa nne za kumhoji mtu tangu awekwe chini ya ulinzi, na wakihitaji zaidi lazima muda uongezwe kwa utaratibu. Maelezo yaliyoandikwa nje ya muda huo yanaweza kukataliwa mahakamani. Kwa hiyo saa ya kukamatwa si jambo dogo la pembeni. Pengine ndiyo kesi yenyewe. Na sisi, watu sita wazima wenye simu mfukoni, hakuna aliyetazama saa.

Akaomba nakala ya hati ya mashtaka. Dada akampa cheti cha ubatizo.

Sicheki. Nilikuwa nimeketi karibu yake, nikaona mkono wake ukitetemeka alipokuwa akikitoa. Wakili alikisoma chote, juu hadi chini, kama mtu anayesoma waraka wa maana, akakirudisha kwenye bahasha na kusema, "Kihifadhi, mae, huenda tukakihitaji wakati wa kuomba huruma ya mahakama." Baadaye nilielewa kwamba huruma ya mahakama huombwa mtu akishatiwa hatiani.

Halafu akatutazama sote na kuuliza, "Mmeshakaa kikao cha ukoo?"

Alijua. Ni Mhaya kama sisi. Hakuna ukoo unaomwaga damu ya nduguye Jumamosi usikae kufikia Jumatatu. Tulikaa, tena nyumbani kwa mkubwa wa ukoo, pombe ya ndizi ikiwa katikati, na kijana aliomba radhi mbele ya wazee. Katibu aliandika muhtasari, na kijana akatia saini. Lakini muhtasari huo ulisema alikuwepo mpakani na panga mkononi, na sisi tulikuwa tumekuja na kwaya ya sikuwepo.

"Hapana," nikajibu. Nilijibu mimi, mwalimu, kabla ya mtu mwingine kufungua kinywa.

Akaandika. Kisha akafunga kalamu na kusema, "Mwalimu, naomba mtupishe. Nitazungumza na mteja wangu peke yake."

Niliudhika, na ni vizuri niseme hivyo. Ada ya kwanza nimeitoa mimi. Kijana ni damu yangu, nimembatizisha, nimemsomesha. Na sasa mtu ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu ananitoa nje kama mtoto aliyechelewa namba. Tulikaa ukumbini kwenye benchi, chini fundi wa pikipiki akipiga nyundo, nami nikasema maneno ambayo leo nayaonea aibu, kuhusu wasomi wa siku hizi na heshima.

Sikujua kwamba kunitoa nje kulikuwa sehemu ya kumlinda. Anachomwambia mteja wakili wake kwa ajili ya kesi kinalindwa na Sheria ya Ushahidi. Wakili hawezi kulazimishwa kukitoa mahakamani, hata kazi ikishaisha. Mimi sina kinga hiyo. Nikiwa ndani ya chumba nimesikia, naweza kuitwa shahidi niulizwe nilichosikia. Liko na jingine la kibinadamu zaidi: kijana wa miaka 24 hawezi kusema kweli mbele ya mama yake, mjomba wake na jirani aliyekwisha kuahidi kusema uongo kwa ajili yake. Atasema tulichompangia. Na hata baada ya wakili kututoa, alisema hicho hicho. Aliniambia mwaka mmoja baadaye, tukivuna kahawa, kwamba wakili alimuuliza jambo lile lile mara tatu kwa njia tatu, na mara ya tatu ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. "Nikayakumbuka macho yako, mjomba."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini tulimdanganya mtu tunayemlipa atusaidie. Mganga tunamwambia hata ya chumbani. Padre tunamwambia hata tusiyoyafanya, ili mradi toba ionekane nzito. Kwa wakili tukaenda tumejipaka mafuta. Nadhani ni kwa sababu vijijini kwetu wakili tunamwona kama bingwa wa kusema uongo kwa ufasaha, basi tukadhani tunamrahisishia kwa kumpelekea uongo uliokwisha kukatwa na kushonwa, yeye abaki kupiga pasi. Pia tuliogopa. Tuliogopa akijua kijana alikuwepo atatukimbia, au ataongeza bei, au uso wake utabadilika.

Hofu hiyo ya mwisho niliielewa zaidi mwaka 2024. Mtoto Asimwe Novath, mwenye ualbino, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, alichukuliwa nyumbani kwao Muleba mwishoni mwa Mei, akauawa. Washtakiwa tisa walipofikishwa mahakamani Bukoba mwezi uliofuata, abiria wote wa Hiace niliyopanda walikuwa wakiulizana swali moja: mtu mwenye akili anawezaje kusimama kuwatetea wale? Mimi mwenyewe nilikuwa na hasira iliyonikaba. Lakini nilikuwa nimeshakaa kwenye benchi la ukumbini, nikajua jibu ambalo sikuwa na nguvu ya kulisema ndani ya gari: wakili hasimami kusema jambo halikutokea. Anasimama kuulazimisha upande wa mashtaka uthibitishe, pasipo kuacha shaka, kwamba ni huyu ndiye aliyelitenda. Kama ni huyu, uthibitisho utasimama. Kama si huyu, aliyelitenda yuko nje anatembea. Hata aliyemkiria wakili wake siri yake nzito bado ana haki ya mzani huo. Kisichoruhusiwa ni wakili kupeleka mahakamani ushahidi anaojua ni wa uongo. Kwa hiyo kwaya yetu, hata angeipenda, asingeweza kuiimbisha endapo angejua ilitungwa sebuleni. Tulikuwa tumempa mzigo usiobebeka, na hatukumwambia.

Siku ya usikilizwaji wa awali ilifika. Hapo ndipo maelezo ya kesi husomwa, mshtakiwa akataja anayokubali na anayokataa, na upande wa mashtaka ukaorodhesha mashahidi na vielelezo vyake. Yote yalikuwa kwa Kiswahili. Zamani, hata pale ambapo watu walizungumza Kiswahili mahakamani, hakimu wa wilaya aliandika kumbukumbu kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mapema mwaka huo Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani akimsifu kwa hukumu aliyoiandika kwa Kiswahili. Nilishangilia siku hiyo kama mwalimu wa lugha. Sasa nilikuwa nimeketi nyuma kwenye benchi na dada yangu, na kwa mara ya kwanza nikatamani lugha isiyoeleweka. Kielelezo: panga moja. Kielelezo: PF3 ya mlalamikaji. Kielelezo: maelezo ya onyo ya mshtakiwa. Kielelezo: muhtasari wa kikao cha ukoo, nakala, wenye saini ya mshtakiwa.

Dada alielewa kila neno.

Ule muhtasari tuliamini umo kwenye daftari la katibu, mali ya ukoo. Tulisahau kwamba baba mdogo naye ni ukoo. Na maelezo ya onyo, yale ya polisi ambayo kijana alituambia "niliongea kidogo tu", yalikuwa kurasa mbili, na katika kurasa hizo alikuwa amesema kwa hiari yake kwamba alikuwepo, na kwamba mzee ndiye aliyeanza kumkata.

Tulipotoka nje wakili alisimama chini ya mti, hakupandisha sauti. "Mwalimu," akasema, "mlipaswa kuniambia alikuwepo. Mtu aliyeshambuliwa na panga ana haki ya kujihami. Huo ni utetezi, tena mzito. Lakini asiyekuwepo hajihami." Kisha akamgeukia kijana. "Anasema mzee alianza kumkata. Alimkata wapi?"

Kijana akapandisha mkono wa shati. Mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, kidonda kilikuwa kimeshafunga, kimebaki mstari wa rangi ya waridi.

"PF3 yako iko wapi?"

Fomu hiyo ya polisi ndiyo inayomtambulisha majeruhi hospitalini na kurudi na maneno ya daktari: jeraha hili, ukubwa huu, limesababishwa na kitu cha namna hii. Mzee alikuwa nayo. Kijana hakuwa nayo, kwa sababu Jumapili ile, siku moja baada ya ugomvi, nilipofika kijijini kutoka Bukoba nikamkuta amefungwa kitambaa, niliamua kwamba jeraha litamfunga. Aliyelala nyumbani hawezi kuwa na jeraha la panga. Tukamsafisha kwa maji ya chumvi na dawa ya dukani. Hakwenda zahanati, hakuna daftari lililoandika jina lake. Nikavua koti langu nikamvika ili mikono isionekane, na alikamatwa akiwa amelivaa. Koti la kahawia, la mitumba, nililinunua pale sokoni Bukoba. Alikaa nalo mahabusu siku mbili kwenye joto, hakulivua, kwa sababu mimi nilimwambia asilivue.

Wakili alifanya alichoweza, na alifanya kingi. Aliachana na kwaya, akajenga utetezi wa kujihami kutokana na maneno ya kijana mwenyewe kwenye yale maelezo ya onyo, akapata shahidi mmoja aliyesikia mzee akitukana kabla ya kelele za panga. Lakini kijana alipopanda kizimbani, mwendesha mashtaka aliuliza maswali mawili tu ambayo bado nayasikia. Kama ulikatwa, kwa nini hukuripoti? Kama ulikatwa, ulitibiwa wapi? Kijana akatazama nyuma kwenye benchi. Sikuweza kumfundisha jibu.

Alitiwa hatiani. Kwa kuwa lilikuwa kosa lake la kwanza, na cheti cha ubatizo kikafanya kazi yake hatimaye, alipewa kifungo cha nje na kuamriwa kulipa fidia. Tuliuza ng'ombe. Sisemi angeachiwa huru kama tungesema kweli siku ya kwanza. Hakimu ndiye ajuaye, na huenda hata yeye hajui. Nasema tu kwamba mtu aliyekuwa na jeraha aliingia mahakamani bila jeraha.

Tangu hapo watu wa kijijini hunifuata. Ndugu yao akikamatwa, wanasema nenda kwa mwalimu, yeye ameshapita njia hiyo. Mama mmoja wa visiwani, mwanawe kashikwa kwenye kambi ya dagaa, alinipigia saa tano usiku. Nikamwambia kabla ya yote atafute kalamu. Aandike saa. Nani alikuja, wangapi, walichukua nini, nani aliyesaini hati ya mali zilizochukuliwa. Kumbukumbu ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa sita si ndugu. Nikamwambia kama mtoto ana mchubuko wowote, aombe PF3 leo, na asimtafute mlalamikaji, hata kwa jogoo wa kuombea radhi au kwa machozi, mpaka wakili aseme. Kikao cha ukoo ni kitu kizuri, nimekulia humo, lakini kikishafanyika na kalamu ikatembea, wakili lazima auone muhtasari huo kabla ya mwendesha mashtaka.

Dhamana watu huiogopa kuliko inavyostahili. Ile ya polisi hailipiwi. Ukidaiwa hela, hiyo si dhamana. Wadhamini wawe na vitambulisho na barua ya mtendaji, na wajue wanachokitia saini. Yapo makosa yasiyo na dhamana, mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha yakiwemo, na hapo msipoteze fedha kwa anayeahidi kumtoa mtu kesho.

Watu wa namna hiyo wanaitwa vishoka, na wanazunguka karibu na kila mahakama wakiwa na mkoba na tai. Wakili wa kweli jina lake linapatikana kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, na leseni yake huhuishwa kila mwaka. Kumtazama huko si kumkosea heshima. Wala si kumkosea heshima kuuliza bei siku ya kwanza: ada ni kiasi gani, inaishia hukumu au inaingia na rufaa, nauli ya kutoka Bukoba hadi Muleba kila kesi inapoahirishwa ni ya nani. Kesi zetu huahirishwa. Sisi tulikuwa na haya ya kuuliza, na tulilipa haya hiyo kwa nauli.

Na asiye na kitu? Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wapo wasaidizi wa kisheria hadi wilayani, na hakimu akiona haki inataka hivyo anaweza kuelekeza mshtakiwa asiyejiweza apatiwe wakili. Lazima uombe, na uombe mapema. Ilikuwaje kabla ya hapo inaonyeshwa na kesi ya Alex Thomas, aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha bila kupewa wakili. Novemba 2015 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki yake. Kwa walioshtakiwa kwa mauaji, serikali huweka wakili, lakini mara nyingi mtu wa kijijini humwona kwa mara ya kwanza kesi inapokaribia kuanza Mahakama Kuu, na wanapata dakika chache za kuzungumza. Mwenye dakika chache hana nafasi ya kwaya.

Yule mama wa visiwani aliuliza swali la mwisho, ambalo wote huliuliza. "Mwalimu, na kama kweli alifanya, nimwambieje wakili?" Nikamwambia asimwambie kitu. Mwanawe ndiye atakayesema, mlango ukiwa umefungwa, na yeye akae ukumbini. Akanyamaza muda mrefu, nikasikia upepo wa ziwa kwenye simu. "Nikae tu?" Akae tu, nikasema, na kama anaweza asimtazame usoni anapotoka.

Mpwa wangu amerudi kwenye kibanja. Baraza la ukoo lilipanda omulamula upya, mashahidi wa pande zote mbili wakiwepo, na umeshika. Huwa anavaa shati la mikono mifupi siku hizi. Kovu liko mkono wa kushoto, refu kama kidole cha kati, na kwenye jalada la kesi halimo.